Madirisha Niliyoyaziba

Katika ile wodi, ukutani juu ya mahali palipokuwa na kitanda namba 7, kuna doa la rangi ya chai. Ni mafuta ya vichwa vya watu. Miaka nenda miaka rudi wagonjwa wa kifua kikuu waliketi kitandani wameegemeza visogo vyao pale pale wakingoja saa ya sindano, na chokaa ikanywa jasho na mafuta ya nywele mpaka ikageuka rangi. Kila namba ilikuwa na doa lake, tangu 1 hadi 24, na namba zenyewe ziliandikwa kwa rangi nyeusi na mtu aliyekuwa na mwandiko mzuri. La namba 7 ndilo kubwa kuliko yote, kwa sababu kitanda hicho kilitazamana na mlango wa barazani, na kila mgonjwa alikitaka. Aliyenionyesha ni mama yangu. Alifanya kazi humo tangu 1974 hadi alipostaafu 2005, mhudumu wa wodi.

Hospitali yenyewe sitaitaja. Ipo kijijini, huku kwetu Ugogo, mwendo wa saa moja na nusu kwa basi dogo kutoka Dodoma mjini. Watu wanaovutana juu ya jengo hilo wote ni watu wangu. Wengine nimesali nao, wengine nimesoma nao, wengine wamenipa kazi wakati sina hela ya unga. Nami si mtazamaji tu. Mwaka 2008 nililipwa kuziba madirisha ya wodi ile, nikayaziba kwa mikono yangu.

Nilizaliwa miaka michache baada ya Operesheni Dodoma. Wazazi wangu walihamishwa 1971, wakaacha tembe lao na mazizi, wakapewa kiwanja katika kijiji cha ujamaa kilichopimwa karibu na hospitali. Kwa hiyo hospitali ilikitangulia kijiji. Tulikua tukiitazama kama watu wa milimani wanavyoutazama mlima: ipo tu, ilikuwepo, itakuwepo. Kengele ya zamu ya asubuhi ndiyo iliyokuwa saa yetu ya shule.

Wodi ya kifua ilijengwa mbali kidogo na majengo mengine, upande ambao upepo ukipita kwake hauendi tena kwa wagonjwa wengine. Ina urefu wa hatua 40 na upana wa hatua 9. Imelala mashariki kwa magharibi, kwa hiyo jua la asubuhi na la jioni linazipiga zile kuta mbili fupi tu, na kuta ndefu hazichomwi. Madirisha ni 12 kila upande, yametazamana moja kwa moja, na kizingiti chake cha chini ni kifupi kiasi kwamba mtu aliyelala kitandani anaona nje bila kuinua kichwa. Dari iko futi 14 juu. Chini ya paa, kuta zote mbili zina matundu ya hewa marefu, yenye wavu wa waya. Na upande wa kaskazini lipo baraza pana, linaloweza kupanga vitanda safu nzima na bado mtu akapita na toroli la dawa.

Nilipokuwa mtoto nilidhani ukubwa huo ni wa kujionyesha tu. Hata nilipomaliza chuo cha ufundi na kuanza kusimamia majengo nilikuwa bado naona ni upotevu: dari ya nini juu namna hiyo, na madirisha yote hayo ya nini kwenye nyumba ya wagonjwa? Hakuna aliyenieleza. Ilibidi niharibu kwanza ndipo nielewe.

Wodi ile ilijengwa wakati wa Mwingereza, kabla ya Vita Kuu ya Pili. Streptomycin, dawa ya kwanza iliyoweza kweli kuua vijidudu vya kifua kikuu, iligunduliwa 1943 huko Marekani, na ilichukua miaka mingine kufika kwa watu wa kawaida. Maana yake ni kwamba waliochora ramani ya jengo lile hawakuwa na dawa ya kumpa mgonjwa. Walikuwa na maziwa, mayai, uji, kitanda na hewa. Jengo ndilo lililofanya kazi ya dawa. Vitanda vilisukumwa barazani usiku, hata Julai ambapo baridi ya Dodoma inamfanya mtu avae blanketi kama koti, na wagonjwa wakalala nje ya kuta lakini ndani ya paa. Wengi walikufa vilevile. Lakini kikohozi chao kilibebwa na upepo, na aliyelala kitanda cha pili, na muuguzi, na mhudumu mwenye ndoo, walikuwa na nafasi ya kubaki wazima.

Mama alidumu humo miaka 31 na hakuugua kifua. Wenzake pia, wale ninaowajua mimi. Siwezi kulithibitisha hilo kwa vipimo, lakini nikimwona anavyopanda kilima kwenda kanisani kwa miguu yake, naujua ubora wa ile hewa.

Alipoanza kazi, matibabu yalikuwa marefu, mwaka na zaidi, na wagonjwa walikuwa wanatoroka. Wakijisikia nafuu wanarudi shambani, mvua haimsubiri mtu. Kisha 1977 ukaanzishwa Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma, na aliyeshirikiana na madaktari wetu kuujenga alikuwa Karel Styblo, daktari kutoka Chekoslovakia ambaye mwenyewe aliwahi kuugua kifua kikuu wakati wa vita. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 yakaja matibabu mafupi. Mgonjwa alilazwa miezi miwili ya kwanza, akachomwa sindano ya streptomycin kila siku na kumeza rifampicin na dawa nyingine mbele ya muuguzi, halafu akaenda nyumbani kumalizia miezi sita ya vidonge. Kijijini kwetu walikuwa wanaziita sindano sitini. “Yuko kwenye sitini” maana yake yuko wodi ya kifua. Mtoto akichechemea kwa mchezo mtu anamwambia, wewe vipi, umechomwa sitini?

Mwaka 1993 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kifua kikuu kuwa dharura ya dunia, na mpango liliousambaza kwa jina la DOTS, yaani mgonjwa ameze dawa mbele ya mtu anayemwangalia, ulijengwa kwa sehemu kubwa juu ya kazi iliyofanyika Tanzania. Hili watu wengi kwetu hawalijui, na ningependa lijulikane. Dunia ilijifunza namna ya kumtibu mgonjwa maskini wa kifua kikuu kutoka kwenye wodi kama ile, kutoka kwenye madaftari yaliyojazwa na wauguzi wetu kwa kalamu ya wino, nani amepona, nani ametoroka, nani amefariki.

Miaka ya 1990 ndiyo mama haipendi kuisimulia. UKIMWI ulikuwa umeingia, na kifua kikuu kikapanda nao. Vitanda 24 vikawa vya watu wawili wawili, mzungu wa nne, na mikeka sakafuni katikati. Moja ya vidonge vya miezi ile sita, thiacetazone, kilikuwa kinawababua ngozi vibaya wagonjwa wenye virusi, mpaka kikaja kuondolewa na kuwekwa ethambutol. Mama alikuwa anawapaka mafuta. Akifika nyumbani anakaa uani kimya kabla ya kuingia ndani, anavua viatu, ananawa hadi kwenye kiwiko. Sisi watoto tulijua wakati huo hasemeshwi.

Halafu, polepole, wodi ikaanza kupungua watu. Dawa zikawa bora, sindano zikaondoka katika matibabu ya kawaida, na katika miaka ya 2000 mgonjwa akaruhusiwa kuchagua: ameze dawa kila siku kituoni mbele ya mhudumu, au nyumbani mbele ya ndugu anayemwamini. Tangu 1959 utafiti wa Madras, India, ulikuwa umeonyesha kwamba anayetibiwa nyumbani anapona sawasawa na anayelazwa, lakini ilichukua muda mrefu kwa jambo hilo kufika kwenye kitanda namba 7. Mama alipostaafu, wodi ilikuwa na wagonjwa wanne. Miaka miwili baadaye ilikuwa tupu, magodoro yamekunjwa, vyandarua vimefungwa mafundo juu ya ndoano zake.

Nataka msomaji alishike hilo, kwa sababu nimesikia watu wakisema wodi ile iliachwa kwa kuwa mbovu. Siku inafungwa, bati lilikuwa zima, kenchi za mninga zilikuwa nzima, na sakafu nyekundu ilikuwa bado inang’aa kwa nta aliyoisugua mama. Watu walikuwa wanaponea majumbani, basi.

Sasa nifike 2008. Niliitwa kuigeuza iwe stoo ya vifaa na dawa. Stoo inataka kufungwa, isiingie vumbi, isiingie mwizi. Nilikuwa na umri wa kujiona najua. Nikaziba madirisha tisa ya upande wa kaskazini kwa matofali ya sementi, nikaziba na matundu yote ya juu. Kuta za ndani zilikuwa na chokaa inayopukutika kidogo ukipitisha kiganja, nikaona aibu kuiacha, nikapiga ripu ya sementi kuanzia sakafuni hadi usawa wa kifua, na juu yake rangi ya mafuta. Namba na madoa ya upande wa kusini yalipona kwa sababu yapo juu zaidi na hela ya rangi iliisha. Yalibaki kwa bahati hiyo tu.

Siku ya tatu mama alikuja kuangalia. Alisimama mlangoni, hakuingia.

“Mwanangu, sasa itapumulia wapi?”

“Mama, hii ni stoo. Dawa hazikohoi.”

Hakunijibu. Aligeuka akaondoka, na mimi nikaendelea kuchanganya sementi.

Dodoma haina mvua nyingi, kwa mwaka haifiki milimita 600, lakini karibu yote inashuka kati ya Desemba na Aprili, na ikishuka inashuka kwa hasira. Baada ya misimu miwili ukuta ukaanza kutokwa na unga mweupe, chumvi, juu kidogo ya pale ripu yangu ilipoishia. Ukigonga ripu kwa kifundo cha kidole ilikuwa inalia kama ngoma. Msimu wa tatu vipande vikaanza kuanguka, na kila kipande kilichoanguka kiliondoka na uso wa tofali, tofali lililokaa pale zaidi ya miaka 70 bila kidonda. Ndani kukawa na joto na harufu ya uvundo, maboksi yakaota ukungu. Kufikia 2012 stoo ikahamishwa. Ikawekwa kufuli.

Aliyenifungua macho ni babu mmoja wa kijiji cha jirani ambaye baba yake alikuwa mchoma matofali wa hospitali. Nilimfuata kwa sababu nilitaka kujua habari za tanuri walilochomea, nipate matofali ya kufanana. Alinitembeza nje ya ukuta, akachokonoa kiungo kwa kijiti. Udongo. Matofali yale ya kuchoma yameshikizwa kwa udongo, na chokaa ni vazi tu, ndani na nje.

“Mjukuu wangu,” akaniambia, “ukuta huu unakunywa na unakojoa. Mvua ikinyesha unakunywa kwa chini. Jua likiwaka unakojoa kote kote, kupitia chokaa. Wewe umeuziba njia ya mkojo. Utapasuka tu.”

Nimesoma vitabu vya ujenzi kabla na baada ya hapo, na sijakutana na sentensi iliyolieleza jambo hilo vizuri kuliko hiyo. Maji ya ardhini yanapanda ukutani yakiwa yamebeba chumvi, na ardhi yetu huku ina chumvi ya kutosha, ng’ombe wanailamba. Chokaa ina vinyweleo. Unyevu unapita, chumvi inabaki juu ya uso, unaifagia. Sementi haina subira hiyo. Unyevu ukigonga mgongo wa ripu unarudi, unatafuta njia juu zaidi, na chumvi inaganda nyuma ya ripu ndani ya tofali lenyewe, inatanuka, inalipasua. Ripu ngumu ikikaa juu ya ukuta laini, siku zote inashinda ripu, na ukuta ndio unaolipa.

Na mambo mengine yalikuwa yanaendelea wakati kufuli limening’inia. Gata la upande wa kusini liling’oka 2014 kwa upepo, na maji ya paa zima yakawa yanaangukia mguu wa ukuta mmoja. Mchwa wakapanda kona ya magharibi. Popo wakahamia darini. Gata lile lingerudishwa kwa siku moja, ngazi moja, na misumari ya kutosha kiganja. Halikurudishwa kwa zaidi ya miaka saba.

Nimejiuliza sana kwa nini, na jibu si uvivu wa mtu. Ni suala la nani mwenye nyumba. Hospitali zetu nyingi za namna hii ni za kanisa lakini ziliteuliwa kuwa hospitali za wilaya; hospitali teule, tunaziita. Serikali inatoa ruzuku na mishahara ya watumishi, kanisa ni mwenye ardhi na majengo. Kwa wagonjwa mpango huo umeokoa maisha yasiyohesabika, na siusemi vibaya. Lakini jengo lisilo na mgonjwa ndani yake linaangukia katikati. Ruzuku ni ya huduma, na humo hakuna huduma. Sadaka ni ya kazi za kanisa, na hospitali ina mfuko wake. Kila upande ukiulizwa gata unajibu kwa adabu kabisa kwamba hilo ni la upande wa pili, na kila upande una karatasi ya kuonyesha.

Serikali ilipotangaza 2016 kwamba sasa inahamia Dodoma kweli, baada ya uamuzi uliokaa tangu 1973, bei ya ardhi ikaruka hata huku vijijini kwetu. Dodoma ikawa jiji 2018. Wakaanza kuja watu wenye magari masafi, wanasimama barabarani wanaitazama wodi, wanauliza ukubwa wa eneo. Ndipo jengo ambalo hakuna aliyelitaka likawa na wachumba wengi kwa mpigo.

Mwaka 2021 niliitwa kwenye kamati kama mtu wa ufundi. Nilikuta mawazo matatu mezani. La kwanza ni kubomoa na kujenga fremu za maduka zinazotazama barabara, kodi iendeshe hospitali. La pili, kubomoa na kujenga jengo jipya la wagonjwa wa nje, la kisasa, bati la msauzi na madirisha ya aluminiamu. La tatu, lililoletwa na vijana waliosoma, kuifanya makumbusho. Mzee mmoja akaongeza hofu yake kwamba lolote litakalofanyika ni hatari, kwa kuwa vijidudu vya kifua bado vimo ukutani. Mganga mfawidhi alimjibu kwa upole: kifua kikuu kinaenezwa na pumzi ya mtu anayekohoa, si ukuta, na mwanga wa jua unaviua vijidudu hivyo, cha kuogopa humo ndani ni kinyesi cha popo, mtu asikifagie kikavu bila barakoa, kwa maana vumbi lake lina kuvu wa kudhuru mapafu.

Nilikuwa nimekwenda na karatasi zangu. Wakati wa korona, kila mahali tulipokuwa tunaambiwa tufungue madirisha, nilianza kusoma juu ya hewa katika hospitali, na nikakutana na utafiti uliofanyika katika hospitali nane za Lima, Peru, na kutolewa 2007. Walipima ni mara ngapi kwa saa hewa ya chumba inabadilishwa yote. Vyumba vya majengo ya zamani, yale ya kabla ya 1950 yenye dari ndefu na madirisha makubwa, vilibadilisha hewa mara 40 kwa saa madirisha yakiwa wazi. Vyumba vya kisasa vyenye madirisha, mara 17. Vyumba vya mitambo ya hewa, vilivyogharimu pesa nyingi, mara 12. Kisha wakakadiria: mtu asiye na kinga akikaa saa 24 na mgonjwa wa kifua kikuu asiyetibiwa, uwezekano wa kuambukizwa ni asilimia 39 kwenye mitambo, 33 kwenye jengo la kisasa, na 11 kwenye lile la zamani.

Niliwasomea namba hizo. Kisha nikawaambia kwamba madirisha tisa ya upande wa kaskazini niliyaziba mimi. Wengine walikuwa hawajui. Ukumbi ulinyamaza kidogo, halafu katibu akaniuliza nataka nini hasa.

Ninachotaka ni jengo lile lirudi kwenye kazi iliyolizaa. Kila hospitali nchini ina watu wanaokuja asubuhi wakikohoa, wanaketi kwenye benchi moja na mama mjamzito na mtoto wa surua, kwenye korido yenye dari ya jipsamu, saa mbili, saa tatu, wakisubiri kuitwa. Wapate mahali pao pa kusubiri, na kliniki yao ya kifua humo humo, ndani ya nyumba iliyochorwa na watu waliokuwa hawana kitu cha kuwakinga wagonjwa isipokuwa upepo. Makumbusho siyapingi. Boma la Iringa lilijengwa wakati wa Wajerumani kama hospitali ya kijeshi, likawa ofisi za serikali kwa miaka mingi, na tangu 2016 ni makumbusho, na ni mazuri kwelikweli, nimekwenda. Lakini Iringa ni mjini, wageni wanapita. Kijijini kwetu makumbusho yangefunguliwa na mgeni rasmi na kufungwa na panya. Ninachokipenda zaidi ni mfano wa Ocean Road, Dar es Salaam, hospitali ya Wajerumani ya mwisho wa karne ya 19 ambayo leo inatibu saratani, au Mirembe hapa hapa Dodoma, inayotibu wagonjwa wa akili tangu 1927. Nyumba za zamani hizo, na bado ziko kazini.

Kuna waliotarajia sheria itatuamulia. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inayalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Ya baada ya hapo lazima waziri ayatangaze kwenye Gazeti la Serikali, moja moja. Bara huku, ukiacha pwani, ni majengo machache mno yanayoifikia 1863. Nyumba zetu wenyewe zilikuwa matembe, na tembe ukiliacha misimu mitatu linarudi kuwa udongo. Kwa hiyo wodi yetu kisheria haina kinga yoyote mpaka mtu aandike barua, aambatanishe ramani, picha na historia, na aifuatilie. Tumeiandika. Mimi nilichora ramani, binti mmoja muuguzi akakusanya masimulizi ya wazee, na mama alikaa naye siku mbili nzima akimtajia nani alilala wapi.

Kamati haikuamua siku ile, na haijaamua. Lakini nilipewa ruhusa ya jambo dogo: nifungue madirisha manne kwa majaribio na nirudishe gata, kwa gharama zangu. Nilianza Juni 2022. Nilibandua ripu yangu kwa patasi, polepole, maana ukipiga nyundo kwa nguvu tofali linakufa. Chokaa niliiloweka kwenye mapipa wiki sita, ikawa laini kama mtindi, nikaichanganya na mchanga wa korongoni na kuipiga kwa tabaka nyembamba, kila moja ikipumzika. Yule babu aliyenifungua macho alikuwa amekwishafariki. Nilikuwa namfikiria kila nilipoona ukuta umelowa asubuhi na kukauka mchana.

Mvua za msimu ule zilinyesha. Machi nilikwenda nikaweka kiganja kwenye sehemu niliyoifungua, kisha kwenye sehemu ambayo bado ina sementi. Sihitaji mashine kuieleza tofauti. Huku pakavu na baridi, kule kunateleza kama mgongo wa chura. Mbunifu majengo mmoja kutoka mjini alikuja akapima, akaandika ripoti yake, imeingia kwenye jalada pamoja na barua nyingine. Wale wa fremu nao wameleta mchoro mpya, wa rangi, wenye picha za watu wanatembea na mifuko ya manunuzi. Mchoro wetu ni wa penseli. Kikao kimepangwa tena baada ya mavuno, na nimesikia kwamba mara hii watapiga kura.

Wiki iliyopita nilimchukua mama kwa bajaji nikampeleka. Magoti yanamsumbua sasa kwenye ngazi, nikamshika mkono. Aliingia mpaka katikati, akavuta stuli akaketi, mgongo ameuelekeza kwenye namba 7. Nikafungua yale manne moja moja, na ya kusini yanayotazamana nayo. Upande wa khanga yake ukainuka ukashuka.

“Hapa barafu,” akasema, na kujifunika vizuri. Halafu akanyoosha mkono kuelekea ukuta wa kaskazini, kule kwenye sementi. “Na yale?”

Nikamwambia yamebaki matano, nangoja ruhusa. Akauliza patasi iko wapi. Iko kwenye mkoba, nikamjibu, na akaendelea kuutazama ule ukuta.